Bamba Lililolala Kifudifudi

Ndugu waombolezaji, wazee wetu, majirani, mafundi wenzake marehemu, na nyinyi mliosimama huko nje kwa kukosa viti, naomba tusikilizane. Nimepewa kazi hii na familia kwa sababu mimi ndiye mdogo wake wa mwisho, na ndiye niliyekaa naye kazini miaka mingi kuliko mtu yeyote, na pia, tusidanganyane, kwa sababu hakuna mwingine aliyekubali. Mwanangu alikuwa ameshaniandikia historia nzuri tu, ukurasa mmoja, lakini juzi niliirudia kwa mkono wangu mwenyewe ikawa ndefu, kwa hiyo mtanivumilia, na shemeji yangu hapa mbele naye atanivumilia, maana yapo mambo humu ambayo hata yeye hajawahi kuyasikia.

Marehemu kaka yetu alizaliwa tarehe 14 Februari 1959, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko la mitumba, akiwa mtoto wa pili kati ya watano, baba yetu akiwa mlinzi wa ghala na mama yetu akifua nguo za watu. Mgongo wa mama ndio kitu cha kwanza tunachokikumbuka sote tuliozaliwa katika nyumba ile, kwa sababu tulikuwa tunaamka tunamkuta ameinama juu ya beseni, tunakwenda shule tunamwacha ameinama, tunarudi tunamkuta palepale, na ukitaka kumwomba kitu ulikuwa unazungumza na mgongo, nao mgongo unakujibu. Naomba jambo hilo mliweke akilini, nitalirudia.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1966 hadi 1972, na akiwa darasa la tano likatokea jambo lililompa jina ambalo wengi wenu mnalijua, kwamba mwalimu wao alikusanya madaftari, akalifungua la kaka, akakasirika, akamwita baba ofisini na kumuuliza ni mtu mzima gani anayemwandikia mtoto kazi. Baba akaapa hajui, kaka akapewa chaki, akaambiwa aandike ubaoni mbele ya darasa zima, akaandika, na hati ikatoka ya mwalimu mwenyewe, mpaka ule mkia wa herufi aliokuwa anauvuta chini mwalimu akiwa na haraka. Mwalimu alijikuna kichwa, akasema huyu si mwanafunzi, huyu ni kivuli changu, na tangu siku hiyo jina likamganda, Kivuli, shuleni, mtaani, kazini, hata kwenye kadi za harusi yake liliandikwa hivyo, na sisi nyumbani tuliliona ni sifa, tukatembea vifua mbele.

Sekondari aliingia mwaka 1973, akamaliza kidato cha nne mwaka 1976, matokeo yakawa ya kawaida, tuseme hivyo, wala hakuna haja ya kutia chumvi mbele ya jeneza. Baada ya kukaa nyumbani mwaka mmoja akiandika vibao vya maduka, tarehe 11 Januari 1978 alipokelewa kujifunza kazi katika karakana ya nakshi ya yule fundi mkubwa tuliyemwita Mzee Nukta, ambaye alipewa jina hilo kwa sababu kila kazi aliyoimaliza aliigonga kitone kimoja mwishoni, kidogo kama jicho la sisimizi, hapo ndipo unajua Mzee ameridhika.

Kwa wale ambao hawakuwahi kuingia mle, karakana ile ni chumba kirefu chenye dirisha moja pana linalotazama barabara, meza mbili nzito, jiliwa la kubania vikombe, mto wa ngozi uliojazwa mchanga ambao juu yake fundi anaweka bamba la shaba na kulizungusha taratibu kwa mkono wa kushoto, huku mkono wa kulia umeshika kalamu ya chuma inayokata mstari ndani ya madini. Chuma hicho hakina kifutio, ukikosea umekosea, na mle zilitoka pete, vikombe vya mashindano, vibao vya milango ya mawakili, mabamba ya makaburi, na picha za watu na nyumba ambazo Mzee alikuwa akizikata zinakaa hai, unaona mpaka upepo kwenye nguo.

Sasa siri ya mkono wa Mzee ilikuwa hii, kwamba kila mstari wake ulikuwa na mwenzake, mwembamba kama unywele, unaokwenda naye sambamba kuanzia mwanzo hadi mwisho, na watu walikuja kutoka mbali kutafuta kazi yenye mistari pacha. Kaka alikaa wiki tatu na kioo cha kukuzia akitafuta mstari ule unakatwaje, hakuuliza, akaja kugundua kwamba ncha ya kalamu ya Mzee ilikuwa na pengo dogo, iliangukia sakafu ya saruji zamani, na Mzee kwa uvivu wake hakuinoa, akaizoea. Mtu mwingine angecheka akaendelea na shughuli zake, lakini kaka alichukua tupa, akaitia kalamu yake nzima pengo lilelile, kwa makusudi, kalamu mpya. Mzee alipoiona alicheka mpaka kikohozi kikambana, akasema, langu lilikuwa bahati mbaya, mwenzangu wewe umelitafuta.

Wala haikuishia hapo, maana Mzee alikuwa na nyonga mbovu, alikuwa anakalia tako moja, samahani wazee lakini ndivyo ilivyokuwa, na kwa kukaa vile herufi zake zililala kidogo upande, basi na kaka, kijana wa miaka kumi na tisa mwenye nyonga zote mbili nzima, akaanza kukaa upande, na aliendelea kukaa upande miaka arobaini, mgongo ukamuuma kweli, akawa anapakwa dawa ya ugonjwa wa mtu mwingine. Ninyi mafundi mnaocheka huko nyuma, chekeni, yeye mwenyewe alikuwa anacheka.

Tarehe 5 Agosti 1984 alifunga ndoa na shemeji yetu huyu, ambaye wakati huo alikuwa na cherehani yake kwenye kibaraza mkabala na karakana, na ambaye alikuwa akimpelekea visu vya kunolewa wakati kule hawanoi visu, kila mtu alijua, isipokuwa kaka. Pete aliichonga mwenyewe, ndani akaweka maneno mawili yenye mistari pacha na kitone mwishoni, na shemeji alipoiona alisema kwa utani wake kwamba haelewi ameolewa na nani, na Kivuli au na Mzee Nukta, wageni tukavunjika mbavu, lakini nilikuwa nimekaa karibu na kaka na nilimwona hakucheka. Mungu aliwajalia watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 19 Mei 1986, huyu hapa, na wa kiume aliyezaliwa tarehe 2 Novemba 1990, ambaye amesafiri siku mbili barabarani kutufikia, na wajukuu watatu.

Mimi niliingia karakana tarehe 3 Mei 1988, nikiwa na miaka ishirini na mbili na sina kazi wala mwelekeo, kaka akaniombea kwa Mzee, nikapewa kazi ya kusugua. Naomba niieleze kazi hii vizuri, kwa sababu ndiyo kazi yangu hadi leo na nimekuwa nikijivunia. Shaba ni mali, haitupwi, kwa hiyo bamba lililoharibika mkononi mwa fundi lilikuwa linawekwa kwenye rafu ya dirishani, uso chini, nalo likishalala kifudifudi pale halina mwenyewe tena, msuguaji analichukua, anaanza na msasa mkali, anafuata msasa laini, anamaliza na mkaa na mafuta mpaka bamba linakuwa kama halijawahi kuguswa. Sheria ilikuwa huulizi, wala hutazami, kwa sababu fundi anaona aibu, na mimi nilikuwa hodari, ndugu zangu, nilikuwa sitazami, nilikuwa nasugua huku nasikiliza mpira redioni.

Mzee Nukta alifariki tarehe 22 Septemba 1989, mezani kwake, saa nne asubuhi, akiwa katikati ya bamba la picha ya daraja, upande mmoja wa mto umekamilika na upande wa pili ni shaba tupu. Baada ya maziko kaka alikaa palepale, akashika kalamu ya pengo, akavuka ule mto, akamalizia, akagonga kitone, na siku ya kulikabidhi walikuja mafundi kutoka karakana nyingine, wakaligeuza, wakalimulika, wakatafuta mkono wa Mzee umeishia wapi na wa kaka umeanzia wapi, wakashindwa, mmoja akatokwa na machozi. Kaka alibebwa juu juu barabarani, tulirudi nyumbani tukiimba, na miaka mingi baadaye, tunakunywa chai, aliniambia bila kuniangalia kwamba siku ile tulizika watu wawili, nikamwambia aache mikosi.

Karakana ikabaki mikononi mwake, kibao cha mlangoni kikabaki na jina la Mzee, na kazi zikawa nyingi, kila mtu anataka ya Mzee, naye anawapa ya Mzee. Mpaka tarehe 21 Machi 1996, binti yake, akiwa na miaka tisa, alikuja na kazi ya shule, wameambiwa waichore kazi ya mzazi, akazunguka kuta zote akitazama picha na vibao, halafu akamuuliza, baba, hapa yako ni ipi? Kaka aliinua mkono kuonesha, ukabaki hewani, akaonesha moja, akaacha, akaonesha nyingine, akaacha, mwishowe akamwambia mtoto achore dirisha. Binti yetu, wewe pengine hukumbuki, ulikuwa mtoto na hukukosea kitu, lakini tangu siku hiyo baba yako hakuwa mzima.

Alinunua kalamu mpya, akainoa bila pengo, akaiweka kwenye droo ya kushoto, ile ya pengo akaiweka ya kulia, na kila siku akawa anafika saa kumi na mbili asubuhi, kabla hatujafungua, afanye yake. Mkono ukamkatalia. Alikuwa anakata mstari mmoja, anautazama, anasema upo uchi, anaukatia mwenzake pembeni bila kutaka, anagundua amemchonga Mzee tena, analilaza bamba dirishani, na ikifika saa mbili anafungua droo ya kulia na kuwapa wateja walichofuata. Safari moja alijipa moyo akampelekea mteja kazi ya kalamu nzima, bamba la kaburi la mume wa mama mmoja, na yule mama aliligeuza geuza, akauliza kwa upole kama fundi anaumwa, kwa sababu mabamba ya ukoo wao yote yana mistari miwili na mumewe atakuwa peke yake pale, akalia. Kaka alilirudia siku hiyohiyo kwa kalamu ya pengo, akaomba radhi, na kwa miezi mitano hakuifungua droo ya kushoto.

Miaka ishirini na moja ilikwenda hivyo, naisoma kwa pumzi moja lakini haikwenda kwa pumzi moja. Mabamba aliyoyalaza dirishani asubuhi siyajui idadi, shemeji ni shahidi jinsi alivyokuwa anarudi nyumbani amenuna, anasukuma chakula, akiulizwa anasema hakuna kitu, na kweli hakuna kitu, hilo ndilo lililokuwa linamtafuna, kwamba atakufa na hakuna kitu. Sisi tulimwona ana kiburi cha ajabu, fundi anayesifiwa na kila mtu anataka nini tena, na mimi mwenyewe, sitajificha, nilimwambia siku moja mbele ya wateja kwamba anajitafutia makuu, sahani imeshajaa na bado analia njaa. Aliniambia, mdogo wangu, sahani imejaa ya mwenzangu.

Tarehe 9 Januari 2017 alianza bamba kubwa, upana wa mikono miwili, na safari hii halikwenda dirishani. Alilifunga kwenye kitambaa, alikuwa analitoa alfajiri na kulifungia kabatini tukifika, akaanza kula, akaanza kutania watu, akaanza hata kukaa sawasawa kwenye kiti, nikadhani ni dawa ya mgongo imefanya kazi. Alilifanyia kazi miaka miwili na miezi tisa, hakumwonesha mtu, wala mkewe.

Sasa nafika mahali ambapo mwanangu hakupaandika, kwa sababu hapajui, na hapajui mtu yeyote aliye chini ya turubai hili.

Tarehe 16 Oktoba 2019 karakana ilikuwa na mafundi wa paa, wanagonga mabati juu, vumbi linadondoka darini kama unga, meza zote tumezifunika maturubai. Binti yake alikuwa anafika saa sita na basi, na kaka asubuhi ile alikuwa hashikiki, amevaa shati la ndoa za watu, anazunguka, anaangalia saa, akalitoa bamba lake kabatini alipanguse, akawa anatafuta pa kuliweka lisiingie vumbi mpaka arudi, na mahali pekee palipokuwa safi ni rafu ya dirishani. Akaliweka pale, na kwa kuwa uso ndio unaodhurika na vumbi, akalilaza uso chini, akakimbia stendi. Mtu aliyeishika sheria ya rafu ile miaka arobaini na moja aliisahau siku hiyo moja kwa furaha. Mimi nilikuwa uani nachemsha mafuta, nikaingia, nikaliona limelala kifudifudi, nikalichukua.

Nililigeuza. Safari hii nilitazama kidogo, kwa sababu lilikuwa kubwa, na ningeomba Mungu aniambie kwa nini sikutazama zaidi. Niliona mistari iko peke yake, haina wenzake, mingine inatetema, mingine inaanza minene inaishia kwa kukatika, hakuna mwegamo wa Mzee, hakuna kitone, nikacheka, nikasema moyoni, leo kaka kavurunda kweli, na bamba zuri hivi. Nikaanza na msasa mkali. Nilisugua kwa saa mbili na nusu, nikabadilisha msasa, nikapitisha mkaa, nikapitisha mafuta, kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya maishani, na walipoingia yeye na binti yake, amemshikia mkoba, anacheka, nikaliinua bamba mbele ya uso wake nikamwambia, kaka, tazama, unaweza hata kujiona.

Akajitazama. Alisimama pale mafundi wanagonga paa, akajitazama kwenye ile shaba, kisha akamgeukia binti yake aliyeuliza ile zawadi aliyoahidiwa ni ipi, akamwambia, ndiyo hii, nilitaka uone baba yako mdogo anavyojua kung'arisha. Binti yangu, ulisema ni nzuri sana, ulinishika mkono ukanipongeza. Nilikuwa bado sijajua kitu, nikafurahi.

Nilijua kesho yake, nilipokuwa natoa taka, nikakuta chini ya meza yake makaratasi ya michoro, mengi, na katika kila karatasi alikuwepo mama yetu ameinama juu ya beseni, anaonekana kwa nyuma, na mistari ilikuwa ileile niliyoicheka. Nikakaa chini kwenye taka. Kalamu isiyo na pengo niliikuta ameitupa kwenye boksi langu la vyuma vichakavu, na nikaificha.

Hatukuzungumza. Miaka mitatu na miezi saba tumekunywa chai meza moja, tumezungumzia mvua, mpira, bei ya mafuta, ugonjwa wake, hakuniuliza na sikumwambia, nilikuwa nafungua mdomo kila siku nikitia ufunguo mlangoni na kuufunga kabla mlango haujafunguka. Niliogopa, hakuna neno jingine. Niliogopa aniambie anajua, na niliogopa zaidi aniambie amenisamehe.

Ugonjwa ulimwanza Februari 2020, mkono wa kulia ukitetema, akafanyiwa vipimo hospitali ya rufaa tarehe 4 Agosti mwaka huo, madaktari wakasema ni mishipa ya fahamu na hautapona bali utatulizwa. Karakana ilifungwa tarehe 30 Juni 2021. Wanafunzi wake wawili walichukua kazi za wateja, wote wawili wana kalamu zenye pengo, niliwaona wakizitia tupa na yeye amekaa pembeni kwenye kiti, sikuweza kuvumilia nikatoka nje. Tarehe 24 Mei 2023 alilazwa kwa homa ya mapafu, akawa wa kupanda na kushuka, zaidi wa kushuka.

Tarehe 2 Juni, saa tisa alasiri, aliomba bamba lile nililolisugua aletewe, na kalamu. Shemeji aliuliza kalamu gani, akasema mdogo wangu anajua iko wapi. Ndugu zangu, nilikwenda nyumbani na kurudi sijui kwa usafiri gani. Shemeji alilishika bamba juu ya ile meza ya kulia chakula ya wagonjwa, muuguzi wa zamu akaja kufoka kuhusu vyuma wodini, akamwona, akamwekea mto chini ya kiwiko. Alikata mstari mmoja. Ulimchukua karibu saa nzima, mkono unaruka, jasho linamtoka, unaanza mnene, unapinda, unatetema, unakatika, hauna mwenzake na hauna kitone, urefu wa kidole cha kati. Akaliweka bamba juu ya shuka uso juu, akaniangalia mimi, akasema, hilo liache.

Hayo ndiyo maneno pekee tuliyowahi kuzungumza juu ya jambo hili. Marehemu alifariki tarehe 9 Juni 2023, saa kumi na moja na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka 64, miezi mitatu na siku ishirini na sita, ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watatu, dada wawili na mimi.

Mmeona wenyewe kwamba bamba lililopigiliwa juu ya jeneza halina jina, na najua maneno yameanza, kwamba fundi aliyewachongea watu wote mabamba amekosa la kwake. Wanafunzi wake walikuja na bamba tayari, jina lote, mistari pacha, kitone, kazi safi isiyo na doa, na mimi ndiye niliyewarudisha mlangoni, shemeji aligombana nami, na sikumwambia sababu mpaka saa hii mbele yenu. Hilo la juu ya jeneza ni bamba lile. Mtakapopita kuaga mtaona mstari mmoja, msidhani ni mkwaruzo. Ni mgongo wa mama yetu, kuanzia shingoni hadi kiunoni. Picha nzima alikuwa nayo yeye peke yake, na baada yake mimi, na kwa siku tisa sasa, tangu ile siku ya wodini, nafumba macho nijaribu kuwaletea iliyobaki, beseni, mikono, povu, nikumbuke aliikataje ile mikono, ambayo makaratasi hayakuwa nayo, na siikumbuki, kwa sababu sikutazama. Shemeji, binti yangu, kijana wangu, mnajua sasa, mtanifanya mtakavyo.

Familia inatoa shukrani kwa madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, na kwa namna ya pekee kwa yule muuguzi aliyeleta mto, ambaye hatujui jina lake na yuko hapa amevaa nguo za nyumbani, kwa majirani waliopika, waliobeba maji na viti, kwa mafundi wote wa nakshi waliofunga milango yao leo, na kwa wenye mabasi. Kwa yeyote niliyemsahau asamehe, akili si zangu.

Kaka, pumzika sasa, kaa sawasawa, mgongo usikuume tena. Hilo la juu yako nimelipangusa kwa kitambaa kikavu tu, sikulisugua.